Namba ya Kwenye Kasha Si Amri

Mtu akiuliza aanzie wapi mfululizo wa gemu wenye sehemu tano, saba au kumi na tano, jibu huwa tayari hata kabla hajamaliza swali: anza na ya kwanza. Jibu hilo hutolewa kwa nia njema na hupokelewa kama busara isiyohitaji ushahidi, kwani nani atabisha kwamba hadithi huanza mwanzoni? Mimi nabisha. Nadai kwamba kwa mifululizo mingi ya gemu ushauri huo ni mbaya. Unamnyima mgeni gemu bora anayoweza kuicheza leo, unamtuma kuitafuta gemu ambayo mara nyingi haipatikani tena, na unachanganya mambo mawili yasiyofanana: mpangilio ambao gemu zilitengenezwa, na njia ambayo mtu huingia katika kitu hadi akakipenda. Mgeni aanze na sehemu inayojitosheleza na iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa kuliko nyingine. Mara nyingi sehemu hiyo ni ya tatu, au ya saba, au ile iliyotoka juzi tu.

Tuzitazame kwanza namba zenyewe, kwa kuwa ndizo zinazopewa heshima yote hii. Final Fantasy ilianza Japani mwaka 1987. Sehemu ya pili na ya tatu hazikuuzwa Marekani katika zama zake. Ya nne ilipofika huko mwaka 1991 iliitwa Final Fantasy II, na ya sita ikauzwa mwaka 1994 kwa jina la Final Fantasy III. Ya tano wachezaji wa huko walinyimwa hadi miaka ya baadaye. Kisha mwaka 1997 ikaja Final Fantasy VII ikiwa na namba yake halisi ya Kijapani, na mchezaji wa Marekani akajikuta amerushwa kutoka tatu hadi saba. Ulaya mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa kuwa kati ya sehemu zenye namba, hiyo ya saba ndiyo iliyotangulia kuuzwa huko. Kizazi kizima cha wachezaji wa Ulaya kilianza na ya saba kwa sababu hakikuwa na mlango mwingine, na kizazi hicho hicho ndicho kilichoipenda na kuikuza. Hakuna aliyepotea njia. Kila namba katika mfululizo huo ina dunia yake, watu wake na vita vyake, na ile VII ilieleza jambo moja tu: kwamba kampuni imeifanya kazi hiyo mara saba.

Tena, anayesema hadithi ifuatwe tangu mwanzo ana wajibu wa kueleza ni mwanzo upi anaoutaka, maana watengenezaji wenyewe wana desturi ya kurudi nyuma ya pale walipoanzia. Red Dead Redemption ya mwaka 2010 inasimulia mambo ya mwaka 1911, ilhali Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 inaanza mwaka 1899, genge la Dutch van der Linde likiwa bado pamoja. Anayeanza na ya pili ndiye anayeifuata hadithi jinsi ilivyotukia. Metal Gear Solid 3 ya mwaka 2004 iko mwaka 1964, miongo kadhaa kabla ya matukio ya Metal Gear ya kwanza iliyotoka 1987. Yakuza 0 ilitoka Japani mwaka 2015, miaka kumi baada ya Yakuza ya kwanza, lakini mambo yake ni ya mwaka 1988 na inawaonyesha wahusika wakiwa vijana. Hata The Legend of Zelda, mfululizo ulioanza 1986, una kisa cha namna hiyo: Nintendo ilipochapisha mpangilio rasmi wa matukio yake mwaka 2011, nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Skyward Sword, gemu iliyotoka mwaka huo huo, na ile ya 1986 ikawekwa mbali sana, kwenye tawi moja kati ya matatu. Kwa hiyo mtetezi wa mwanzo anapaswa kuchagua. Akiutetea mwanzo wa hadithi, mara nyingi atalazimika kumpeleka mgeni kwenye sehemu ya baadaye. Akiutetea mwanzo wa utengenezaji, basi asitumie hadithi kama hoja yake.

Sababu yangu kubwa zaidi iko mikononi mwa mchezaji. Riwaya iliyoandikwa miaka sitini iliyopita husomwa leo kwa kufungua kurasa vile vile kama zamani. Gemu huchezwa kwa vidole, macho na masikio kwa pamoja, na ufundi wa kuviunganisha hivyo vitatu umekua mbele ya macho yetu. Street Fighter ya mwaka 1987 ilimpa mchezaji mpiganaji mmoja, Ryu, na aliyejiunga naye akapewa Ken. Street Fighter II ya mwaka 1991 ikaleta wapiganaji wanane wa kuchagua, wengi wao na mapigo yao wenyewe, na hapo ndipo gemu za mapigano zilipopata umbo tunalolijua. Grand Theft Auto ya mwaka 1997 ilitazamwa kutoka juu, magari na watu wakionekana mapaa na vichwa tu. Ile ya tatu ya mwaka 2001 ndiyo iliyomshusha mchezaji barabarani. Resident Evil ya 1996 ilifunga kamera kwenye kona za vyumba na kumfanya mhusika ageuke kwa uzito, na ya nne ya mwaka 2005 ikaileta kamera nyuma ya bega, mtindo ulioigwa na gemu nyingi zilizofuata. Katika fani ya namna hii, sehemu ya kwanza mara nyingi ni rasimu. Wazo lipo, ila mkono wa fundi haujazoea. Timu inayotengeneza sehemu ya tatu hurithi programu, michoro, malalamiko ya wachezaji na makosa ya sehemu mbili zilizopita, na hutumia urithi huo kulifanya upya wazo lile lile kwa ubora zaidi. Kumwambia mgeni aanze na rasimu ni kumtaka awe mvumilivu kabla hajapewa sababu yoyote ya kuvumilia.

Ushahidi wa wazi kuliko wote ni The Witcher, mfululizo wa kampuni ya CD Projekt Red ya Poland. Gemu ya kwanza, ya mwaka 2007, ilikuwa ya kompyuta tu. Ya pili, ya 2011, iliongeza Xbox 360. Ya tatu, Wild Hunt, ilitoka mwaka 2015 na kufika PlayStation, mashine ambayo zile mbili hazikuwahi kuifikia. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza kwamba gemu ya tatu peke yake imevuka nakala milioni 50, wakati mfululizo mzima ulikuwa umevuka milioni 75. Hesabu hiyo inatosha kutuambia kwamba mamilioni ya wachezaji waliingia kwa mlango wa tatu, na waliokuwa na PlayStation pekee hawakuwa na mwingine. Je, walikosa kuelewa? Gemu hiyo inahusu Geralt, mtu anayemtafuta msichana anayempenda kama mwanawe, Ciri, na Ciri si mhusika wa gemu mbili zilizotangulia. Anatoka kwenye vitabu vya Andrzej Sapkowski, vilivyoandikwa kabla gemu yoyote haijakuwapo. Maana yake hata anayeanza na gemu ya 2007 ameikuta hadithi njiani. Watengenezaji walilijua hilo, ndiyo maana katika gemu ya kwanza Geralt amepoteza kumbukumbu, ili mchezaji na mhusika waulize maswali pamoja. Sehemu ya kwanza yenyewe ni mwendelezo, na imejengwa ili mtu asiyejua lolote aweze kuingia.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Gemu kubwa hugharimu fedha nyingi mno na miaka mingi ya kazi, na hakuna kampuni inayoweza kuishi kwa kuwauzia tu wale waliomaliza sehemu zilizopita. Kwa sababu hiyo waandishi wa sehemu za baadaye humwandalia mgeni mahali pa kukaa. Skyrim ya mwaka 2011 iko miaka mia mbili baada ya matukio ya Oblivion iliyoitangulia. Baldur's Gate 3, iliyotwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka 2023 katika The Game Awards, ilitoka miaka 23 baada ya sehemu ya pili, na hadithi yake iko zaidi ya karne moja baadaye. God of War ya mwaka 2018 ilimtoa mhusika wake mkuu, Kratos, kwenye nchi ya miungu ya Kigiriki, ikampeleka kwenye baridi ya kaskazini na kumpa mtoto, Atreus, asiyejua baba yake alifanya nini zamani. Mchezaji mgeni anakaa pale pale alipokaa mtoto huyo: anamwona baba mkali, mkimya, mwenye makovu, na anazidi kujiuliza amebeba nini. Mchezaji wa zamani anapata uchungu wa kukumbuka, na mgeni anapata hamu ya kujua. Ni mapokezi mawili tofauti, na gemu imeyaandalia yote mawili.

Wasomaji wa Kiswahili hawapaswi kuliona hili kama jambo la ajabu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alianza katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, lakini anayefungua Kisima cha Giningi bila kuiona ile ya kwanza anampata mpelelezi yule yule mwenye utulivu wake, mbele ya kesi inayojitegemea. Jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba alianza na Kufa na Kupona, na msomaji aliyetangulia kukipata Kikosi cha Kisasi hakuzuiwa na chochote kukifurahia. Waandishi hao walijua vitabu vyao vitapita mkono kwa mkono bila mpangilio, wakaandika kwa namna inayomkaribisha yeyote. Kwenye vibanda vya gemu Dar es Salaam na Nairobi pia, hakuna anayemdai mtoto acheze kwanza FIFA ya mwaka 1993 ndipo aruhusiwe kushika pedi. Kanuni ya kuanza na ya kwanza huzuka pale tu panapoingia hadithi, na tumeona kwamba hadithi yenyewe mara nyingi haiidai.

Pana pia suala la kupatikana, ambalo watoa ushauri hulipita kimya. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipo tena sokoni kihalali. Machi mwaka huo huo Nintendo ilifunga mauzo katika maduka yake ya mtandaoni ya 3DS na Wii U, na gemu zilizokuwa zikiuzwa humo peke yake hazinunuliki tena. Hali ikiwa hivyo katika soko kubwa kuliko mengi duniani, fikiria kijana wa Mwanza au Mombasa aliyejichanga akapata mashine moja iliyotumika. Kumwambia atafute kwanza sehemu ya mwaka 1998, na mashine ya kuichezea, kabla hajagusa ile aliyonayo mkononi, ni kumfungia mlango kwa jina la utaratibu. Ushauri unaowezekana kwa wenye fedha na nafasi tu haufai kuitwa kanuni ya wote.

Wapo watakaonijibu kwamba anayeanza katikati anaharibiwa utamu, kwa kuwa atajua nani alipona na nani alimsaliti nani. Hoja hii ina uzito, lakini inapungua nguvu ukiwatazama wachezaji walivyo. Waliocheza Red Dead Redemption mwaka 2010 walijua kwamba genge la Dutch litasambaratika, na kwamba mwanachama wake wa zamani, John Marston, atakuja kuwawinda wenzake. Pamoja na kujua huko waliisubiri Red Dead Redemption 2 kwa hamu kubwa, na gemu hiyo ikauza zaidi ya nakala milioni 60. Kujua mwisho hakukuua utamu, kulibadilisha swali. Badala ya kuuliza nini kitatokea, mchezaji aliuliza ilitokeaje hadi watu waliopendana hivi wakafika kule. Anayeanza na sehemu ya baadaye kisha akarudi nyuma yuko katika hali hiyo hiyo. Isitoshe, katika gemu utamu mwingi umo kwenye kutenda: kulishinda pambano, kuuvumbua mji, kulitatua fumbo. Hayo hayaharibiwi na kujua jina la msaliti.

Hoja nzito zaidi ni ile inayosema kwamba aliyezoea gemu mpya hataweza tena kuicheza ya zamani, kwa hiyo ni afadhali aanze na ya zamani asije akaikosa milele. Nakubali kwamba wengine hawatarudi. Lakini hoja hii inamsahau mtu mmoja: yule aliyetii ushauri, akaanza na ya kwanza, akachoshwa na kamera yake na maandishi yake, akaacha saa ya tatu na asiguse tena mfululizo huo. Huyo amekosa ya kwanza, ya pili, ya tatu na zote zilizofuata. Aliyeanza na ya tatu na asirudi amecheza kazi moja nzima iliyo bora, naye hajapungukiwa. Na katika wawili hao, anayeweza kurudi ni huyu wa pili, maana ameshakuwa na sababu. Anataka kujua mji anaoupenda ulikuwaje zamani na uadui anaouona ulianzia wapi. Uvumilivu huzaliwa na mapenzi, na mapenzi huhitaji kitu cha kuyaanzisha. Makampuni nayo yameonyesha njia kwa kuzitengeneza upya sehemu za zamani, kama ilivyofanywa kwa Resident Evil 2 mwaka 2019, ili anayerudi akute mlango unaofunguka.

Sisemi kila mfululizo unaweza kuingiliwa popote. The Last of Us Part II ya mwaka 2020 imesimama juu ya tendo moja la mwisho wa gemu ya 2013, na asiyelishuhudia tendo hilo kwa mikono yake atayaona matokeo yake kama hasira za watu baki. Mass Effect nayo, kati ya 2007 na 2012, ilibeba maamuzi ya mchezaji kutoka sehemu moja hadi nyingine, na thamani yake kubwa imo katika kubeba huko. Hapo anza na ya kwanza, bila ubishi. Lakini hata katika Mass Effect watengenezaji walitafuta njia. Sehemu ya pili ilipofika PlayStation 3 mwaka 2011 bila ya kwanza, iliwekewa hadithi ya picha iliyomwezesha mchezaji mpya kufanya mwenyewe yale maamuzi makuu yaliyopita. Na mfululizo wa Trails wa kampuni ya Falcom, ambao wapenzi wake husisitiza mpangilio kuliko karibu wote, ulifika kwa Kiingereza ukiwa umevurugwa: Trails of Cold Steel ya mwaka 2013 ilitafsiriwa mwaka 2015, ilhali Trails from Zero ya mwaka 2010, inayoitangulia, ilisubiri hadi 2022. Wengi walianza katikati, wakapenda, kisha wakawa ndio wanaodai zile za nyuma ziletwe. Mifululizo inayohitaji utaratibu ipo, na ihukumiwe mmoja mmoja kwa sababu zake. Isigeuzwe kuwa sheria ya yote.

Mwishowe wapo wanaoitetea sehemu ya kwanza kwa heshima: kwamba kuiruka ni kuidharau historia na jasho la waanzilishi. Naijali historia hiyo, na kwa kuijali ndiyo maana sitaki igeuzwe kuwa ada ya kiingilio. Gemu ya kwanza inastahili mchezaji anayeijia kwa hiari, anayeona ni nini kilichokuwa kipya ndani yake na nini kiliachwa baadaye. Mchezaji wa namna hiyo ni lazima awe ameona mfululizo ulikofika. Street Fighter ya 1987 ina mengi ya kumfundisha aliyeijua ya pili, na ina machache sana ya kumpa asiyeijua yoyote.

Kwa hiyo mtu akikuuliza aanzie wapi, usimtajie namba. Muulize ana mashine gani, ana muda kiasi gani, na ni nini kilichomvutia hata akaulizia. Kisha jiulize mwenyewe kama sehemu unayotaka kumpa inajitosheleza, na kama ndiyo iliyokufanya wewe uupende mfululizo huo. Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, mpe hiyo, hata kama ni ya saba. Ya kwanza ataitafuta mwenyewe siku atakapoihitaji, na asipoihitaji, bado utakuwa umempa gemu nzuri.